Ukoo wa Elzevir na jina lililobaki

Louis Elzevir, mfunga vitabu kutoka Leuven, alihamia Leiden mwaka 1580 na familia yake. Alikuwa Mprotestanti, na Leiden ilikuwa na chuo kikuu kilichofunguliwa miaka mitano tu nyuma. Akaanza kuuza vitabu vya wengine, na kufikia 1583 alikuwa ameanza kuchapisha vyake. Chuo kilimpa kazi ya utarishi na ruhusa ya kuweka duka ndani ya uwanja wake. Alifariki mwaka 1617. Mjukuu wake Isaac ndiye aliyeingiza mitambo ya chapa katika ukoo, na mwaka 1620 akawa mpiga chapa rasmi wa chuo. Nembo yake ilikuwa mzee aliyesimama chini ya mti uliosokotwa na mzabibu.

Heshima yao kubwa ilitoka Italia. Baada ya hukumu ya 1633, Galileo alifungiwa nyumbani kwake Arcetri, na Kanisa likakataza maandiko yake yasichapwe, ya zamani wala mapya. Mwaka 1636 Louis mwingine, mjukuu wa yule wa kwanza, alimtembelea mzee huyo, na mswada ukatolewa Italia. Kitabu chake cha sayansi mbili mpya kilichapwa Leiden mwaka 1638, Galileo akiwa amekwisha kupofuka. Katika waraka wa kukitabaruku kwa Noailles, aliyekuwa balozi wa Ufaransa, alijifanya kushangaa kwamba maandishi yake yameshafika kwa wapiga chapa. Ni uongo uliotungwa vizuri, na sidhani kama Roma ilidanganyika.

Abraham, wa mwisho katika biashara hiyo, alifariki mwaka 1712, na duka likafa naye. Waliofufua jina hawakuwa wa damu yao. Jacobus Robbers na wenzake walianzisha kampuni ya Elsevier mjini Rotterdam mwaka 1880, wakabadili tahajia kidogo na kuichukua nembo ya Isaac. Kwa miongo mingi sayansi haikuwa kazi yao kuu. Waliingia humo zaidi miaka ya 1930, wanasayansi Wayahudi walipoikimbia Ujerumani. Mwaka 1947 likatoka jarida la biokemia, Biochimica et Biophysica Acta.

Tangu hapo ni kununua tu. Mwaka 1991 walichukua kampuni ya uchapishaji ya Pergamon, ya Robert Maxwell, kwa pauni milioni 440, na mwaka huohuo The Lancet, jarida ambalo Thomas Wakley alilianzisha London mwaka 1823 ili kuwashambulia vigogo wa hospitali waliogawiana vyeo kindugu. Sijui Wakley angesema nini.

Katika biashara hii ya majarida mwandishi wa makala halipwi, mhakiki halipwi, na chuo kinachowalipa mishahara wote wawili hununua tena makala zilezile. Mwaka 2012 mwanahisabati Timothy Gowers aliongoza mgomo dhidi ya Elsevier, na maelfu ya watafiti wakatia saini. Kwa nchi maskini mlango ulikuwa umeshafunguliwa: mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani ulianza 2002, Elsevier ikiwa miongoni mwa wachapishaji wa mwanzo, na taasisi za Tanzania husoma bure. Wenye fedha walibaki kubishana juu ya bei. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na Elsevier mwaka 2019, kikarudi 2021 kwa mkataba mpya: makala za watafiti wake zisomwe na kila mtu.