Gesi Isiyotiwa Debeni

Ukisimama Bofu, ewe msomaji, ng'ambo ya maji ya Kilindini ndiko Changamwe, palipokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta tangu mwaka 1963 hata 2013. Mafuta ya taa hutiwa debeni, nalo debe likavushwa kwa feri mpaka Likoni. Methani haikubali debe: haigeuki kuwa majimaji mpaka ipozwe kufikia nyuzi 162 chini ya sifuri. Hiyo ni sababu moja gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ilivumbuliwa mwaka 1974 ikalala ardhini miaka 30, hata bomba lilipoifikisha Dar es Salaam mwaka 2004. Waitalia walioivumbua waliona haina faida, nami siwalaumu.

Chembe moja ya kaboni imeshikwa na nne za haidrojeni, wala haziachani upesi. Tangu 1940, huko Hüls, Ujerumani, gesi za namna hiyo zilipitishwa katika cheche kuu ya umeme, mfano wa radi iliyofungiwa chumbani. Zikavunjika, zikatoa asetilini ya kutengenezea mpira. Hiyo nayo ni gesi! Siku hizi wataalamu hutumia cheche za joto dogo, ziitwazo plazima, wakapata methanoli, ambayo debe huipokea. Lakini hupatikana kidogo, na umeme unaoliwa ni mwingi mno.