Duma: albamu ya giza iliyozaliwa kati ya Nairobi na Kampala

Mwezi wa nane 2020, wakati korona ilikuwa imefunga mipaka na kumbi za muziki, albamu moja ya makelele makali ilitoka Kampala. Inaitwa Duma, sawa na kundi lililoiimba. Msikilizaji wa Lubero akisikia neno hilo anamfikiria mnyama wa mbio. Lakini kwa Kikikuyu, lugha ya Kenya, duma ni giza.

Kundi lilikuwa na vijana wawili tu wa Nairobi. Martin Khanja aliimba kwa kupiga ukelele. Sam Karugu alipiga gitaa na kutengeneza midundo kwa kompyuta. Wote wawili walitoka katika makundi ya muziki wa metali ya Nairobi. Mwaka wa 2019 walivuka mpaka wakarekodi kwa Nyege Nyege Tapes huko Kampala, mji ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaufikia kwa kupitia Kasindi. Wimbo mmoja unaitwa Uganda with Sam.

Mizizi ya muziki huo iko mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Marekani walikuwa na panki kali iitwayo hardcore, nyimbo fupi za kuwapinga wakubwa, na metali ya kasi iitwayo thrash, yenye magitaa mazito. Makundi kama D.R.I. na Suicidal Tendencies yakazichanganya. Duma waliupokea mchanganyiko huo, na mahali pa mpiga ngoma wakaweka mashine, inayopiga kwa kasi ambayo mikono ya mtu haiwezi.

Mzazi akiona wimbo mwingine unaitwa Pembe 666, anaweza kusema ni mambo ya shetani. Ana haki ya kuuliza. Lakini kilio cha matanga nacho si wimbo mtamu, na hakuna anayemnyamazisha mfiwa. Kijana aliyekimbia kijiji chake, anayelala kwa jamaa au katika darasa la shule, anaambiwa kila siku avumilie. Albamu hii haimrudishi shambani. Inamwonyesha kwamba giza linaweza kutajwa kwa sauti kubwa bila kumpiga mtu.

Baadaye Khanja aliendelea peke yake kwa jina la Lord Spikeheart. Mwaka wa 2024 alitoa albamu yake, The Adept.