Mahame ya Singida na Sheria ya 1964

Ukitoka Singida mjini kupitia Ilongero hadi Mtinko, usitafute minara wala nguzo za mawe. Katika nchi ya Wanyaturu nyumba ya kale ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, zizi la ng'ombe hapo hapo. Operesheni Vijiji ilipohamisha mamilioni ya Watanzania miaka ya 1970, makazi mengi ya aina hii yaligeuka mahame. Na tembe likikosa moshi wa jikoni halidumu. Mchwa hula nguzo, mvua hupenya paani, kuta hurudi kuwa udongo. Hubaki tuta, pengine jiwe la kusagia, na mzee anayeweza kukutajia nani aliishi pale.

Naelewa kwa nini watu hubeba kamera na kuyafuata mahame. Nyumba yenye watu hupakwa rangi, huongezwa vyumba, hufichwa umri. Iliyohamwa hufichua jinsi ilivyojengwa na, ukiitazama vizuri, kwa nini iliachwa.

Mkoa wa Singida una mengi ya kusomwa hivyo. Mkalama kuna boma la Wajerumani, lililoshuhudia mapigano ya mwaka 1917 wakati kikosi cha afisa wa Kijerumani, Naumann, kikizunguka katikati ya nchi. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Halikulipa, miaka ya 1940 likafungwa na reli zake zikang'olewa. Treni iliyofika Singida baadaye ilikuja kwa reli mpya.

Lakini kwangu hame lenye uzito kuliko yote liko Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wa karanga ulioahidi kuilisha Uingereza mafuta ya kupikia. Matrekta yakafyeka vichaka, stesheni na nyumba zikajengwa. Udongo ukakauka na kuwa mgumu ajabu, mvua zikakataa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Simulizi nyingi huishia hapo, kwenye aibu ya wakoloni. Hazipaswi. Miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru eneo hilohilo, na kambi zao zikaanzia penye stesheni iliyoachwa. FRELIMO, ANC na SWAPO walikuwa pale. Samora Machel aliishi na kufunza wapiganaji pale. Mpiga picha anayefika Kongwa akaona kutu tu ameiona nusu ndogo ya mahali hapo. Kuna pia makaburi ya vijana waliokuja kutafuta uhuru na hawakurudi kwao.

Ugumu wa kuyalinda mahame haya uko kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya Tanzania Bara yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo husubiri waziri ayatangaze. Maana yake boma la Kijerumani, stesheni ya Mwingereza na tembe la babu yako vyote viko upande usiolindwa, hadi vitangazwe. Hata jengo lenye jina kubwa si salama: Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883 na kuwa ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Jengo likianguka hivyo, picha za zamani zinaweza kuwa nyenzo ya kulijenga upya.

Kwa hiyo anayepiga picha Mtinko au Mkalama anafanya kazi ya mhifadhi, na aifanye kama mhifadhi. Aanzie ofisi ya kijiji, kwa mtendaji au mwenyekiti. Asipande juu ya paa bovu, asing'oe bawaba wala tofali. Apige pembe zote nne, mlango, kiungo cha nguzo na ukuta, si machweo peke yake. Aandike tarehe, kitongoji na maelezo ya wazee. Nakala moja aiache kijijini, shuleni ikiwezekana.