Mume, Mke na Benki: Majina Mawili Handeni na Korogwe

Meneja wa benki hana mamlaka ya kumtoa mke kwenye akaunti ya pamoja kwa sababu tu mume ameomba. Wala hamtoi mume kwa ombi la mke. Akaunti ya namna hiyo ni makubaliano ya watu wawili na benki yao, na anayetoka sharti atie sahihi mwenyewe kwamba anatoka. Wakigombana wao kwa wao, benki ikaarifiwa, fedha huzuiwa mpaka waafikiane au mahakama iamue. Wengi hulijua jambo hili siku ambayo hawasemeshani tena.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, utaratibu huu ni mgeni. Desturi iliyoutangulia ilikuwa kinyume chake: cha mume cha mume, cha mke cha mke. Wazigua na Wanguu wa Handeni kwa jadi walihesabu ukoo upande wa mama, hivyo mali ya mwanamume aliyefariki ilielekea kwa watoto wa dada yake, si kwa mjane. Kwa Wasambaa ukoo ulifuata baba, lakini kila mke alikuwa na shamba lake la kulishia watoto wake. Uislamu uliopanda kutoka pwani haukuivuruga desturi ya kila mtu na chake, kwani nao unaitambua mali ya mke kuwa yake, ameolewa au hajaolewa. Aliyeachika alibeba chake akaondoka. Hapakuwa na jina la kufuta, maana hapakuwa na daftari.

Daftari lilikuja na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, na reli iliyoanzia Tanga ilipofika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba yaliufuata ukanda wake. Vibarua waliletwa kutoka mbali, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya waajiri iliyoitwa SILABU ndiyo iliyowakusanya. Waliitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku zake za kazi. Zikitimia 30, kipande kimejaa na mshahara unalipwa. Kadi ilibeba jina moja. Mke aliyekuja na manamba akalima bustani kando ya kambi, akapika na kulea, hakuandikwa popote. Benki ya Akiba ya Posta ilikuwapo tangu mwaka 1925, ila aliyekuwa na cha kuweka ni yule mwenye kipande.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki na Benki ya Taifa ya Biashara ikazaliwa. Dirisha likawa la umma, lakini hesabu za ndani ya ndoa zikabaki vilevile.

Kilichozigusa ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 56 kilimpa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali. Kifungu cha 60 kikaingia ndani zaidi: mali iliyopatikana kwa jina la mmoja inadhaniwa kuwa ya huyo peke yake, na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili inadhaniwa kuwa yao sawa kwa sawa. Dhana zote mbili zinaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Neno hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Jina kwenye akaunti au hati ni mahali pa kuanzia kesi tu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wanaharakati hulitaja shauri hili kila mwaka, na wana haki. Wachache huongeza kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia biashara, na mahakama iliona amezitapanya. Miaka mingi baadaye mahakama hiyohiyo, ikiketi Tanga kusikiliza Rufaa ya Madai Namba 102 ya mwaka 2018, ilisisitiza kwamba kiasi cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi.

Handeni ililikuta suala la majina kwa mlango mwingine pia, wa ardhi. MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge ulioanza mwaka 2004, uliichagua wilaya hiyo kwa majaribio ya vijijini. Mashamba yakapimwa, wanavijiji wakapewa hati za hakimiliki za kimila, na hati moja ikaweza kubeba jina la mume na la mke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwahi kuona hila mbele: kifungu cha 35 kinakataa mtu kuirudisha hati kijijini iwapo lengo au matokeo yake ni kumnyima mwanamke ardhi anayostahili kuitumia. Yaani kijiji kinatakiwa kuuliza kwa nini. Benki haiulizi. Yenyewe hutazama sahihi, ikilingana imeridhika, hata kama aliyetia sahihi alilia usiku kucha.

Vikundi vya akiba vina unafuu. Sanduku la VICOBA hufungwa kwa kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu, na kikundi chenye akaunti benki kikitaka kumbadilisha mtia sahihi huitisha kikao, huandika muhtasari, wanachama husaini, kisha hupeleka picha na kitambulisho cha anayeingia. Wengi wakishinda, yamekwisha. Ndoa ya wawili haina wengi.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na laini husajiliwa kwa jina moja na alama za vidole za mtu mmoja. Bila sheria yoyote mpya, fedha za nyumbani zimerudi zilikokuwa kabla ya mkonge, kila mtu na chake. Tofauti ni kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa bado kipo, na mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa kilichochumwa kwa nguvu za wote wawili, kiwe kimeandikwa kwa jina la yeyote.

Kwa hiyo anayeombwa leo atoke kwenye akaunti ya pamoja, iwe kwa heri au kwa shari, asisaini akiwa mikono mitupu. Aombe kwanza taarifa ya akaunti tangu ilipofunguliwa, igongwe mhuri wa benki, aihifadhi pamoja na risiti zake za kuweka fedha.