Samuel Ryder: Muuza mbegu aliyeacha kombe la gofu

Samuel Ryder, mfanyabiashara Mwingereza ambaye jina lake hutajwa kila wanagofu wa Ulaya na Marekani wanapokutana kuwania kombe lake, hakuanza kucheza gofu hadi alipofikisha umri wa miaka 50 hivi.

Alizaliwa Machi 24, 1858, karibu na mji wa Preston. Utajiri wake ulitokana na biashara ya mbegu mjini St Albans. Alizifunga katika pakiti ndogo, akaziuza kwa peni moja na kuzituma kwa posta, hivyo hata kibarua akamudu kupanda bustani yake. Mwaka wa 1905 alikuwa meya wa mji huo.

Kazi nyingi zilimdhoofisha, naye akashauriwa kucheza gofu ili apate hewa safi. Alijifunza kwa bidii na kufikia 1911 alikuwa nahodha wa klabu ya Verulam.

Enzi hizo klabu nyingi ziliwadharau wanagofu wa kulipwa, lakini Ryder aliwaenzi. Alimwajiri mmoja wao, Abe Mitchell, kuwa mwalimu wake, kisha akatoa kombe la dhahabu liwaniwe na wachezaji wa kulipwa wa Uingereza na Marekani. Mashindano rasmi ya kwanza yalifanyika Marekani mwaka wa 1927. Mitchell aliyakosa kwa sababu ya ugonjwa. Hata hivyo, sanamu iliyo juu ya kombe hilo ni mfano wake.

Ryder aliaga dunia Januari 2, 1936, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa St Albans, pamoja na fimbo ya gofu aliyoipenda zaidi.