Nani Anaamua Kompyuta Yako Iwake na Nini?

Watu wangu, leo tuongee kuhusu ile skrini ambayo wengi wetu huikimbia: BIOS. Wengi huikumbuka tu siku wanataka kuweka Linux kwenye mashine pepe. Unabonyeza F2 mara ishirini, na bado mfumo wa zamani unawaka kama kawaida. Unadhani ni kitu cha mafundi tu. Zii. Ile skrini imezaliwa na vita ya biashara, na sisi ndio tuliofaidika.

Kompyuta ikipata stima haijui chochote. Inahitaji programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu, iamshe kibodi na diski, halafu iulize: mfumo endeshi uko wapi? Jina BIOS lilitoka kwa Gary Kildall, Mmarekani aliyetunga CP/M miaka ya sabini. Umaarufu ulikuja Agosti 1981, IBM ilipotoa PC yake. Prosesa ilikuwa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft. Kilichokuwa cha IBM kabisa ni BIOS, na ilikuwa na hakimiliki. IBM hata ilichapisha kodi yake kwenye kitabu cha mafundi, kwa hivyo ukishaisoma halafu uandike yako, wanaweza kukushtaki kwamba umenakili.

Compaq wakatafuta njia. Kundi moja lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini. Kundi la pili, ambalo halikuwa limeona kodi hata mstari mmoja, likaandika BIOS mpya kwa kufuata maelezo hayo. Mwaka 1982 wakatangaza kompyuta inayoendesha programu za PC. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix, iliyotumia mbinu hiyo hiyo, ikaanza kuuzia watengenezaji wengine BIOS. Hapo mlango ukafunguka na bei zikaanza kushuka. Kompyuta za mitumba unazoziona Nairobi leo ni wajukuu wa ujanja huo.

Sasa tuje kwa foleni ya kuwaka, yaani kompyuta ianze kutafuta wapi. PC za kwanza zilianza na diski laini, floppy. Ilikuwa sawa, mpaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walipotoa virusi vya Brain. Virusi hivyo vilikaa sehemu ya kwanza kabisa ya floppy. Ukisahau floppy ndani halafu uwashe, virusi vinawaka kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana watu walikuja kushauriwa waingie BIOS na kuweka diski kuu mbele. Anayekaa mbele ya foleni ndiye anayeshika mashine.

Cha kuchekesha ni kwamba historia hii yote bado iko ndani ya mashine pepe. VMware Workstation, iliyotoka 1999, ilipewa BIOS ya Phoenix, wale wale. VirtualBox nayo kwa miaka mingi imekuwa ikiweka floppy juu ya foleni, na laptop yako haina hata mahali pa kuiingiza!

Kama F2 inakusumbua kwenye VMware, shida ni mbili. Kwanza, bonyeza ndani ya dirisha la mashine pepe, la sivyo kibodi bado inaongea na kompyuta yako halisi. Pili, ile skrini inapita haraka sana. Zima mashine pepe, fungua faili lake la vmx, ongeza bios.bootDelay = "5000", na utapata sekunde tano. Ukitaka tu kuchagua diski ya kuwakia mara moja, tumia Esc. Kwa VirtualBox ni F12, na foleni yenyewe unaipanga kwenye mipangilio ya System, mashine ikiwa imezimwa.

Mbona nasema haya yote ni muhimu? Kwa sababu mlango unaanza kufungwa tena. BIOS ya zamani imepisha UEFI, na mwaka 2012 Windows 8 ilikuja na Secure Boot, inayokubali tu programu zenye sahihi inayotambulika. Inazuia virusi vya aina ya Brain, hiyo ni kweli. Wakati huo kompyuta za kawaida zilitakiwa kumwachia mwenye mali njia ya kuizima. Ilipofika Windows 10, hiyo ikawa hiari ya mtengenezaji. Simu nyingi mfukoni mwetu zilishafungwa kitambo.

Mimi sina shida na kufuli. Shida yangu ni ufunguo kukaa kwa mtu mwingine na mimi nimelipa pesa yote. Kwa hivyo ukienda kununua laptop ya mtumba, ingia BIOS kabla hujatoa pesa. Ikiitisha neno siri na muuzaji halijui, rudisha mashine yake mezani. Na kama unaogopa kuharibu kitu, fanyia mazoezi kwenye mashine pepe. Panga foleni, ivuruge, ipange tena. Ikikataa kabisa, unafuta na kuanza upya, na laptop yako haijaguswa.