Embulbul ilinunua wimbo, si albamu

Mkazi wa Embulbul aliye na umri wa kutosha kukumbuka santuri, ukimuuliza albamu ya kwanza aliyoinunua kwa pesa yake, huenda akakujibu kwa kutaja wimbo: Sina Makosa, Shauri Yako, Shida. Ni rahisi kudhani amesahau, au hakuelewa swali. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo ni sahihi kihistoria na swali ndilo lenye kasoro. Katika sehemu hii ya Kajiado, kama ilivyokuwa karibu kote Kenya, muziki uliuzwa wimbo kwa wimbo, kisha ukauzwa kwa kanda iliyochanganya nyimbo. Albamu, kwa maana ya nyimbo kumi hivi zilizopangwa na msanii mmoja zisikilizwe kwa mfuatano wake, ilibaki bidhaa ya wachache. Tukiandika historia ya usikilizaji wetu kwa kufuata albamu, tutaandika historia ya watu wengine.

Gramafoni yenyewe iliwahi kufika upande huu. Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931, anasimulia katika kitabu chake cha 1937, Out of Africa, jinsi rafiki yake Denys Finch Hatton alivyompa gramafoni na jinsi mpishi wake, Kamante, alivyopendezwa na kipande cha Beethoven. Nyumba ya Blixen ni makumbusho leo, safari fupi kutoka Embulbul. Ila Kamante alikuwa msikilizaji tu: santuri haikuwa yake, wala hakuna aliyemtazama kama mnunuzi. Soko la Mswahili lilianza kwingine. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri zao zikarudi kuuzwa Afrika Mashariki. Kila upande wa santuri za wakati ule ulibeba takriban dakika tatu, kwa hiyo kilichouzwa tangu mwanzo kilikuwa wimbo mmoja na mwenzake mgongoni.

Miaka ya 1960 na 1970 ikaleta santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, na hiyo ndiyo iliyojenga tasnia ya Nairobi. Mtu wa Embulbul alipanda gari kama kilomita 20 hadi mjini, akaingia maduka ya River Road au Melodica pale Tom Mboya Street, akasikilizishwa kidogo, akalipa, akatoka na sahani moja ndani ya mfuko wa karatasi. Itazame sahani hiyo kwa karibu. Kwenye lebo ya duara katikati kuna jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi, na mara nyingi maneno "sehemu ya 1". Ukigeuza, "sehemu ya 2". Wimbo wa rumba haukuenea upande mmoja, kwa hiyo ulikatwa. Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, ilivuma kwa nyimbo ndefu zilizohitaji pande zote mbili. Katika rumba, na vilevile katika benga ya kina D. O. Misiani, hadithi huimbwa kwanza, kisha magitaa yanaachiwa uwanja, na mara nyingi kugeuza sahani kulikuwa kuhama kutoka kisa hadi ngoma. Sisemi sahani ndiyo iliyobuni mtindo huo, kwa sababu ukumbi wa dansi ulikuwa nao tayari. Nasema sahani iliukubali na kuuimarisha, hata msikilizaji akazoea kuuhesabu wimbo mmoja kuwa mzigo kamili.

Nitapingwa kwamba santuri kubwa zilikuwepo. Ni kweli, zilikuwepo, na nyingine ni hazina. Lakini angalia zilivyotengenezwa. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki katika ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, kampuni ya Polydor ilitoa mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho, na ulikuwa mkusanyiko wa nyimbo ambazo watu walikuwa wamezisikia na kuzinunua moja moja. Kwa sehemu kubwa santuri kubwa ya Kenya ilikuwa ghala la vibao vilivyokwisha kutamba. Isitoshe, ilihitaji pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, hali mwenye mshahara mdogo angeweza kununua sahani ndogo mwisho wa mwezi huu na nyingine mwezi ujao. Nayo baa, mteja mkubwa wa santuri, ilitaka kibao kinachoombwa na walevi wake usiku huo, haikutaka nyimbo kumi.

Kuna sababu nyingine, na hii inaihusu Kajiado hasa. Embulbul, Ngong, Rongai na Kitengela zimejazwa na watu waliohamia kutoka kila pembe. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 687,312 katika kaunti nzima, ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Jirani mmoja alimtaka Joseph Kamaru kwa Kikuyu, wa pili Misiani kwa Kijaluo, wa tatu Kakai Kilonzo kwa Kikamba, na wote watatu wakakutana kwenye rumba ya Kiswahili. Kaseti ilipoenea, mchanganyiko huo ukapata chombo chake. Kanda ya dakika 60 ilitosha nyimbo za watu kumi tofauti, na muuzaji mwenye redio ya kaseti ya milango miwili aliweza kukupangia unachotaka, akaandika orodha kwa kalamu kwenye kadi ya ndani. Kwa wengi, kanda hiyo ndiyo albamu ya kwanza, na aliyeipanga ni muuzaji. Cha kusikitisha ni kwamba Wamaasai, wenyeji wa ardhi hii, ndio walioonekana kidogo kwenye biashara hiyo: uimbaji wa olaranyani, kiongozi wa wimbo, na waitikiaji wake hauna gitaa, na gitaa ndilo lililouza.

Wanamuziki watasema, kwa haki kabisa, kwamba kanda hizo zilikuwa wizi. Zilikuwa. Ziliwanyima riziki watu waliotufurahisha, na kampuni kubwa za santuri zilipofunga au kupunguza kazi zao Nairobi, unakili huo ulikuwa sehemu ya sababu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilileta Bodi ya Hakimiliki na stika ya kutambulisha kanda halali, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Hata hivyo mnunuzi alilipa. Pesa ilimtoka mfukoni na kupotelea njiani, na mwanahistoria anayemwondoa mnunuzi huyo katika hesabu kwa sababu pesa haikumfikia msanii anamwadhibu mtu asiye na kosa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muziki wa injili, na hapo nakubali kwamba hoja yangu ina mpaka. Faustin Munishi aliuza kanda zake mwenyewe, mkono kwa mkono. Angela Chibalonza, aliyefariki mwaka 2007, aliacha kanda na video ambazo wanunuzi walizifahamu kwa sura iliyo kwenye jalada na kwa mpangilio wake tangu wimbo wa kwanza. Muumini alinunua ushuhuda mzima, akausikiliza mzima jikoni. Ikiwa kuna nyumba Embulbul ambazo albamu ya kwanza ilikuwa albamu kweli, nyingi ya hizo naamini ni nyumba za kanisa. Upande wa vijana, Nimefika ya E-Sir, ya 2003, nayo ni albamu halisi, ila wengi walizipata nyimbo zake zikiwa zimechanganywa na za wengine, kwenye CD ya kuchomwa au kwenye matatu namba 111 ya Ngong.

Ndiyo maana siyapokei malalamiko kwamba simu imeua albamu. Kijana anayepakua wimbo mmoja leo anafanya alichofanya mzee wake River Road. Kilichopotea ni kingine, na nakionea uchungu: ile lebo ya duara. Ilimtaja mtunzi. Ubishi kuhusu aliyetunga Malaika, wimbo aliourekodi Fadhili William, umedumu miongo mingi, na katika ubishi wa namna hiyo karatasi iliyobandikwa kwenye sahani ni miongoni mwa mashahidi wachache wasioyumba. Kanda ya kunakiliwa ilibakiza jina la wimbo na, ukibahatika, la bendi. Simu nyingi zinaonyesha mwimbaji tu. Aliyepiga besi katika Sina Makosa ni Tommy Malanga, na msikilizaji anayelifuata besi hilo mwanzo hadi mwisho anaweza kuishi maisha yake yote bila kulisikia jina hilo. Sahani za 45 bado zimo kwenye masanduku chini ya vitanda, Embulbul na Kitengela, nyingine zikiwa na mikwaruzo isiyopigika tena, lakini lebo zake zinasomeka, na picha ya lebo inapigwa kwa simu ile ile.